Joto la Shaabani: Siku Nne Mjini Lamu

Sisi watu wa mwambao tumelelewa na joto. Kaskazi inapovuma, tangu Disemba hadi Machi, kila mwenye nyumba hujua kwamba siku za jasho zimewadia. Na upepo unapolegea kabla ya kusi kuingia, hujua kwamba hana budi kusubiri zaidi. Hayo si mageni kwetu. Lakini joto la mwanzo wa mwaka 2024 halikuwa lile la mazoea. Hata usiku, ambao Mola ameujaalia kuwa wakati wa mapumziko, haukuwa na nafuu, na watu walilala juu ya sakafu tupu wakitafuta ubaridi. Majirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule mwezi wa Machi kwa kuwahofia watoto, joto likikisiwa kufika nyuzi 45. Mwaka ulipokwisha, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa ulikuwa na joto kuliko mwaka wowote tangu vipimo vianze kuandikwa.

Mwishoni mwa Februari, shule zilipofunga kwa mapumziko mafupi, nasi tukiwa katika mwezi wa Shaabani, tulifunga safari na watu wa nyumbani kwetu kwenda Lamu kuwazuru jamaa kabla ya Ramadhani. Basi litokalo Mombasa hupita Kilifi, Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na hapo abiria hushuka na kuvuka kwa mashua. Anayesafiri na watoto katika joto huihesabu njia hiyo kwa hesabu yake: maji yaliyobaki katika chupa, kitambaa cha kufutia uso, na mtoto gani sasa ameketi upande wa jua. Mama wa watoto wetu aliyashughulikia hayo tangu alfajiri, na tulipofika gatini mwa Lamu, sote tulikuwa tumelala kidogo njiani isipokuwa yeye.

Mji wa Lamu umeandikwa katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001, na wageni huja kuitazama milango yake ya nakshi. Lakini anayeingia saa saba mchana, jua likiwa utosini, huona kwanza jambo jingine: kivuli. Vichochoro vya Mkomani ni vyembamba, na nyumba ni ndefu, kwa hivyo kuta huzibana njia na kuzikinga jua kwa sehemu kubwa ya mchana. Mahali pengine nyumba mbili zimeunganishwa kwa wikio juu ya njia, na mpita njia hupita chini yake kama apitaye chini ya mwavuli. Mbele ya mlango kuna daka na baraza za mawe, ambapo asiye mwenyeji aweza kuketi akapumua bila ya kubisha hodi.

Tulifikia kwa shangazi yetu, mama wa miaka zaidi ya 70, katika nyumba iliyojengwa na mababu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, kwa hivyo vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Katikati kuna kiwanda kilicho wazi juu, hewa ya moto ikapanda na kutoka. Jiko liko juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi na moto wa meko visishuke kwa wanaolala. Ndani ya nyumba ile, saa nane mchana, watoto wetu walicheza wakachoka wakalala.

Siku ya pili tulikwenda kumtazama binti wa marehemu kaka yetu, anayekaa katika mitaa mipya nyuma ya mji. Mwendo wake hauzidi robo saa, lakini tuliona kama tumevuka kwenda nchi nyingine. Huko nyumba ni za matofali ya saruji na mabati, madirisha ni madogo, na miti imekatwa kupisha viwanja. Bati hulipokea jua tangu asubuhi, na kufikia adhuhuri humrudishia aliye chini yake. Makuti yalikuwa yakipitisha hewa, ila yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache na yanashika moto upesi, basi hatuwezi kumlaumu aliyechagua bati. Mtu hujenga kwa kadiri ya mfuko wake.

Binti yetu huyo ana watoto watatu, na mdogo alikuwa na miezi mitano. Tulikaa kwake tangu asubuhi, na tukaiona siku yake ilivyo. Anaamka kabla ya alfajiri kwa sababu mfereji hutoa maji saa hizo tu, akajaza mitungi ya lita 20 mmoja baada ya mmoja. Baada ya Swala huwasha jiko la makaa, akawaandalia watoto chai na mahamri. Kisha huogesha, hufua nguo za mtoto, huanika, hufagia, akarudi jikoni kwa chakula cha mchana, mtoto akiwa mgongoni. Mkubwa hupelekwa madrasa baada ya alasiri na kufuatwa kabla ya magharibi. Usiku wote wakilala, yeye hukaa na kipepeo cha ukindu akimpepea mdogo, mkono mmoja ukichoka akatumia wa pili. Jasho humpoza mtu linapokauka mwilini, na hewa ya pwani ikijaa unyevu, jasho hutiririka tu wala halikauki. Jiko katika chumba cha bati ni joto juu ya joto.

Saa za mchana tuliona kuwa mtoto analia kwa sauti ndogo, kisha akaacha kulia. Mama wa watoto wetu alimpokea, akamtazama, uso wake ukabadilika. Midomo ilikuwa mikavu, utosi umebonyea, na mama yake alipoulizwa alisema hajalowesha nepi tangu asubuhi. Akaulizwa yeye mwenyewe amekunywa nini. Akanyamaza, kisha akasema:

"Ami, nimefunga. Nalipa siku zangu. Ramadhani iko mlangoni nami nadaiwa siku kumi na moja."

Mwaka uliotangulia alikuwa na mimba, akala siku hizo kwa kumhofia mtoto aliye tumboni. Sasa alikuwa akiharakisha kulipa kwa kuchelea dhambi, ananyonyesha, anapika na kuchota maji, katika joto lile. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliona ni deni baina yake na Mola wake.

Hatukukawia. Mtoto alivuliwa nguo nzito, akapanguswa kwa kitambaa cha maji, akabebwa hadi hospitali kwa miguu, maana katika vichochoro vya Lamu hakuna gari la kumfikisha mtu. Mama yake alifungua saumu yake njiani kwa maji, nasi tulimhimiza. Muuguzi aliyempokea alisema maji ya mwili yamepungua, na kwamba tumewahi. Aliagiza mtoto anyonyeshwe mara kwa mara zaidi kuliko kawaida, akaeleza kuwa aliye chini ya miezi sita hahitaji kupewa maji hata katika joto, maziwa ya mama yanamtosha. Mwenye kuhitaji maji mengi ni mama. Ilipofika magharibi mtoto alikuwa akinyonya na kulia kwa nguvu, na hatujapata kufurahia kilio kama kile. Alhamdulillahi.

Jambo hili tungependa lifike katika kila nyumba, kwani tunaamini si yeye peke yake. Wanawake wengi hulipa saumu zao katika Shaabani, na Bibi Aisha (R.A.) naye imepokewa kuwa akilipa katika mwezi huo. Lakini katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye mimba au anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto wake, ana rukhsa ya kula. Akila kwa kuihofia nafsi yake, atalipa siku hizo tu. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Na ikiwa uzuru wake umeendelea mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, hana dhambi wala fidia ya kuchelewesha, atalipa atakapoweza. Tulimweleza binti yetu hayo pale pale barazani mwa hospitali, akalia. Rukhsa ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa waja Wake, na sadaka Yake hupokewa. Na Mtume (S.A.W.) aliagiza Swala ya adhuhuri icheleweshwe joto linapokuwa kali mpaka lipoe kidogo. Ikiwa Swala yenyewe imefanyiwa upole huo, vipi kazi za nyumbani zisifanyiwe?

Usiku ule alikuja mumewe, kijana mwema anayeendesha mashua ya abiria, ambaye naye hushinda juani. Shangazi yetu alimpa chai, kisha akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, maji nyumbani kwako huteka nani?" Kijana akainama. Shangazi akamwambia kuwa kuanzia kesho mke wake na watoto watakuja kwake kila siku saa nne, wapike pamoja juu darini mara moja kwa nyumba mbili, walale mchana ndani, warudi kwao jua likipoa. Wala hakutaka kushukuriwa. "Nyumba hii ni baridi na mimi ni mmoja," alisema. "Waliojenga hawakujenga kwa ajili ya mtu mmoja." Nasi tuliongeza tu lile analolijua kila aliyesoma sira, kwamba Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Swala ukifika hutoka. Siku iliyofuata, kabla ya adhana ya alfajiri, kijana yule ndiye aliyejaza mitungi.

Siku ya mwisho tulikwenda Shela na watoto kutazama vilima vya mchanga. Maji matamu ya mji wa Lamu yanatokana na vilima hivyo: mvua hunyesha juu yake, mchanga huyachuja, nayo hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Tuliwaeleza watoto hayo, na mama yao akawaambia, "Basi maji ya ndoo mnayomwaga mkicheza, hutoka hapa." Walinyamaza kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

Enyi mama zetu na dada zetu, kaskazi nyingine zinakuja, na wajuzi wanatuonya kuwa joto litazidi. Tunawausia yaliyo mepesi. Pikeni asubuhi mapema, au nje kwenye kivuli. Kunyweni maji kabla ya kiu. Anayeharisha au kutapika na achanganyiwe lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anyweshwe kidogo kidogo. Anayepayuka au kuzimia kwa joto asingojewe nyumbani. Nanyi akina baba, chukueni ndoo. Mwenye nyumba ya mawe amwite aliye chini ya bati. Mwenye kiwanja apande mwarobaini au mkungu, na mwenye uwezo aweke mtungi wa maji barazani, kwani Swahaba Saad bin Ubada alipotaka kumtolea sadaka mama yake aliyefariki, alielekezwa kwenye maji, akachimba kisima.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape afya mama zao, na atujaalie sote kivuli Chake siku ambayo hakutakuwa na kivuli ila Chake. Amin.