Tairi la pili la akiba

Ugomvi wa safari yetu ulianza kabla hata gari halijawashwa. Ilikuwa alfajiri moja ya Julai 2024, nje ya nyumba ya kaka yangu katika kitongoji kimoja cha Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Mimi na mama tulikuwa tumefika kutoka Dar es Salaam wiki moja kabla, na kaka alikuwa ametuahidi kutupeleka Yellowstone, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1872. Ni karibu kilomita 1,600 kwenda tu. Chukua Dar es Salaam hadi Mbeya, kisha urudi Dar, utakuwa umekaribia.

Tulikuwa tunavuta trela. Siyo trela la mizigo tulilolizoea, bali nyumba ndogo iliyowekwa magurudumu: vitanda, jiko la gesi, friji, choo, na meza inayogeuka kitanda cha watoto usiku. Inafungwa nyuma ya pikapu na familia inahama nayo. Tairi moja la akiba lilikuwa limefungwa kwenye bampa ya nyuma ya trela, kama lilivyotoka kiwandani. La pili, jipya, kaka alilinunua mwenyewe, na asubuhi ile alikuwa analisukuma kwenye bodi ya pikapu, mahali ambapo shemeji alikwishapanga baiskeli za watoto.

"Baba watoto, tunakwenda kupumzika au tunakwenda kufungua gereji?" shemeji aliuliza.

Kaka hakujibu. Aliyejibu ni mama, akiwa amekaa kwenye ngazi na chai yake: "Mwacheni. Marehemu baba yenu hakutoka Iringa na tairi moja la akiba hata siku moja."

Baba alikuwa dereva wa lori, Iringa na Dar, miaka mingi. Mimi ni kitinda mimba, ninachokikumbuka ni harufu ya dizeli kwenye shati lake na zawadi za machungwa. Lakini kaka aliwahi kuwa utingo wake wakati wa likizo za shule. Amelala chini ya lori Mikumi, amewekea magurudumu mawe kwenye mlima wa Kitonga. Baiskeli zikabaki. Watoto walinuna hadi tulipovuka mpaka wa jimbo.

Njiani nilimuuliza kwa nini mawili, maana kwenye gari la kawaida tunabeba moja na maisha yanaendelea. Akaniambia trela yake ina ekseli mbili zinazofuatana, yaani magurudumu mawili kila upande, moja mbele ya jingine. Moja likipasuka, jirani yake hubeba mzigo wa wawili mpaka dereva asimame. Linaweza lisipasuke pale pale, lakini limeumia ndani kwa ndani. Ndiyo maana matairi ya trela yana sifa mbaya ya kufa kwa jozi. Tena dereva mara nyingi hana habari. Gari linaloendeshwa likipata pancha usukani unakuambia, lakini trela iko nyuma ya mgongo wako, inaweza kuburuta tairi lililochanika kilomita nzima huku nyinyi mnaimba.

Nikamwambia hiyo ni kama figo. Akacheka, akasema waandishi wa afya hatuchoki.

South Dakota ni jimbo refu kulivuka. Barabara kuu namba 90 inakwenda magharibi imenyooka, na sheria inaruhusu maili 80 kwa saa, karibu kilomita 130. Kaka alikwenda 100, akapitwa na kila mtu, wakiwemo wazee waliovuta trela kubwa kuliko yetu. Alisema matairi mengi ya aina hii, yale yaliyoandikwa herufi ST ubavuni, kwa miaka mingi yalitengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65, yaani kilomita 105 hivi, hata kama barabara inaruhusu zaidi. Pale Chamberlain tulisimama kuutazama mto Missouri. Juu ya kilima kuna sanamu ya mwanamke wa asili ya nchi ile amefunikwa blanketi lenye nyota, urefu wake mita 15. Mama aliitazama muda mrefu kuliko sisi sote. Akasema, "Huyu ametandaziwa khanga vizuri."

Baada ya Murdo ardhi inakuwa tupu. Nyasi, waya, ng'ombe mbali kule, na mbingu. Kuna mahali saa inarudi nyuma: saa nane mchana inageuka saa saba bila wewe kufanya lolote. Watoto walikuwa wanashangilia hilo wakati dereva mmoja wa lori alipotupita akipiga honi mfululizo na kuonyesha kidole nyuma.

Gurudumu la nyuma, upande wa kulia, lilibaki rimu na matambara ya mpira. Sisi ndani ya gari hatukusikia hata kishindo.

Jambo la kwanza kaka alilofanya siyo kutoa jeki. Alitutoa sote, akatupeleka kwenye nyasi, mbali na lami, akaweka pembetatu nyuma ya trela. Kwetu angekata matawi. Nimeandika habari za kutosha za watu waliogongwa wakibadilisha tairi, na nilishukuru sikulazimika kumkumbusha. Kisha akafunga mtungi wa gesi, kwa sababu vipande vya tairi vilikuwa vimechapa chini ya sakafu, kunakopita mabomba na nyaya, na hakutaka kubahatisha.

Kufunga gesi kulimaanisha friji haifanyi kazi, na humo ndimo ilimokuwa insulini ya mama. Mama ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Kalamu anayoitumia hukaa kwenye mkoba wake, na aina nyingi zikishafunguliwa huvumilia joto la kawaida wiki nne hivi, lakini siyo joto la siku ile. Kipimo cha gari kilionyesha digrii 37. Zile ambazo hazijafunguliwa ndizo zilikuwa akiba ya safari nzima na ya kurudi nyumbani. Tulizihamishia kwenye boksi la barafu, zikiwa zimeviringishwa kwenye taulo zisigusane na barafu yenyewe. Insulini iliyoganda imeharibika sawa na iliyochemka, na hilo watu wengi hawalijui. Nilimpa mama ndizi na maji, nikamketisha kwenye kivuli cha trela. Kivuli kilikuwepo, kwa sababu tulikuwa tunaelekea magharibi na jua lilikuwa kushoto kwetu. Kumbuka hilo, msomaji.

Kaka alilegeza nati kidogo kabla ya kuinua, akaweka jeki chini ya fremu, siyo chini ya ekseli, akashusha tairi la bampa. Lilikuwa halina upepo wa kutosha. Linahitaji 65, lilikuwa na 30. Muda wote liliokaa pale nyuma, likilindwa na kifuniko chenye picha ya mlima, hakuna aliyelipima. Shemeji aliangalia pembeni, nami pia. Bahati alikuwa na pampu ndogo ya umeme wa betri ya gari. Ikalia robo saa.

Nati za gurudumu lililofungwa njiani hukazwa upya baada ya kwenda kidogo, kwa hiyo tulisimama Kadoka. Kaka akiwa na spana yake, mama alishuka kunyoosha miguu. Nikamwona anapita kando ya trela akigusa matairi kwa mgongo wa kiganja, kama anavyogusa shingo ya mtoto usiku. Akagusa moja, la pili, akazunguka upande wa pili, akarudi.

"Hili la mbele lina homa," alisema. Lilikuwa jirani wa lile lililopasuka.

"Ni jua, mama," kaka alisema bila kuinua kichwa.

"Jua liko upande ule."

Kaka alikuwa amechoka, watoto walikuwa na njaa, na tulikuwa na kilomita 65 tu kufika Wall, mji mdogo wenye duka maarufu ambalo tangu miaka ya 1930 linaita wasafiri kwa mabango ya maji baridi ya bure. Mabango hayo yalikuwa yanatukodolea macho tangu asubuhi. Tukaondoka. Mimi, ambaye kila wiki nawaandikia watu wasipuuze dalili, nilipanda gari nikafunga mkanda.

Lilikwenda kama kilomita 30. Safari hii tulisikia.

Nadhani sitasahau ukimya wa kaka wakati anapanda kwenye bodi ya pikapu kulishusha tairi lile jipya. Lina uzito wa kilo ishirini na kitu, na shemeji, bila kusema neno, alilipokea kwa chini. Kama zingekuwa baiskeli mahali pale, tungekuwa tunasubiri gari la kuvuta, jioni inaingia, boksi la barafu likiyeyuka, na mama akichelewa chakula. Pengine lingekuja haraka, sijui. Huko simu zinashika na watu wana bima za barabarani. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na boksi lile na nilikuwa nimeanza kuhesabu vipande vya barafu.

Wakati anakaza nati nilichuchumaa kulitazama lile lililokufa. Halikuwa kipara. Lilikuwa na mistari mirefu kama limetoka dukani juzi. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kulikuwa na tarakimu nne: 2216. Nilikwishafundishwa na fundi mmoja wa Ilala kusoma hizo: wiki ya 22, mwaka 2016. Tairi lilikuwa limetimiza miaka minane. Trela inakaa uani miezi mingi, haitembei, mpira unazeeka kwa jua na baridi huku kashi zake zikiwa kamili. Mafundi wengi wa trela husema miaka mitano, sita, yatoke. Tulizunguka na kaka na tochi ya simu. Yaliyobaki mawili yalikuwa ya mwaka ule ule, na lile la bampa pia.

"Nilinunua la akiba," alisema, "sikusoma haya yanayotembea."

Sikumjibu. Mimi mwenyewe nimesimama kwenye vijiji nikiuliza kwa nini kuna dawa za kutosha na hakuna mtu anayepimwa.

Tulienda mwendo wa kilomita 80 hadi Wall, tukalala hapo, kesho yake tukajikokota hadi Rapid City. Dukani kaka aliagiza manne. Alipoambiwa bei uso wake ulibadilika, nikajifanya nasoma magazeti. Ndipo shemeji akasogea kaunta.

"Ongeza mawili," alimwambia muuzaji. "Ya akiba."

Yellowstone tulifika siku mbili baadaye, kwa kupitia milima ya Bighorn na mji wa Cody. Sitaielezea sana, wengine wameshaielezea. Chemchemi ya Old Faithful ilirusha maji yake juu, ikatulia, na watu wakaondoka kama baada ya harusi. Ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na asubuhi yake ni ya Makete: tuliamka na pumzi inaonekana. Nilipofungua mlango wa trela kutafuta mama, nilimkuta nje amejifunga khanga mbili juu ya sweta, ameinama kwenye gurudumu la mbele kulia, mgongo wa kiganja kwenye mpira. Hatukuwa tumetembea tangu jana yake saa kumi.

"Baridi," aliniambia, akaenda kwenye la nyuma.