Picha za Treni za Makaa na Wazee wa Toton

Ukipanda treni ya kutoka Nottingham kwenda London, hata hujakaa vizuri kwenye kiti utaona minara minane mikubwa ya zege, mipana chini, imebana kiunoni, imesimama kando ya reli. Wengi wetu tunaoishi maeneo haya tumeipita mara nyingi tukienda ubalozini kushughulikia pasipoti. Hapo ni Ratcliffe-on-Soar, kituo cha mwisho nchini Uingereza kufua umeme kwa makaa ya mawe. Kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024, na siku hiyo ikafungwa historia ya miaka 142, kwani kituo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa London mwaka 1882. Minara haitoi mvuke tena. Abiria wanashuka jirani yake, kwenye stesheni ya East Midlands Parkway, wanaburuta masanduku yao na kwenda zao.

Ndugu wasomaji, leo sitaandika kuhusu minara bali kuhusu picha za treni zilizoilisha.

Huku kuna watu, wengi wao wanaume wa makamo na wazee, ambao tangu utoto wamesimama kando ya reli na daftari mkononi. Mwaka 1942 kijana mmoja karani wa reli, Ian Allan, alichapisha kijitabu chenye namba za vichwa vya treni. Tangu hapo vizazi vya watoto wamepiga mstari chini ya kila namba waliyoiona. Waliofanikiwa kupata kamera wakaanza kupiga picha. Mwezi Agosti 1968 treni za mvuke ziliondolewa kwenye reli kuu za taifa, na wapo waliofunga kamera zao kwa huzuni, wakisema hakuna tena cha kupiga. Waliobaki waliendelea. Walipiga diseli za rangi ya buluu zikiwa zimechafuka, kwenye njia za pembeni za migodi, mvua inanyesha, matope hadi kwenye vifundo, makaa yamemwagika pande zote. Wakati ule wenzao waliwacheka. Leo ukiingia kwenye maduka ya hisani au kwenye rafu za historia za maktaba za mitaa huku, utakuta vitabu vyao na albamu zao, na bei ni kama ya kikombe cha chai.

Mimi niliingia katika jambo hili kwa sababu ya jirani. Ninaishi karibu na Long Eaton, mji mdogo kati ya Nottingham na Derby. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mzee aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye yadi ya Toton, dakika chache kutoka hapa. Jina lake sitalitaja, mwenyewe hapendi. Ananiita "duck", yaani bata, na usishtuke ukihamia pande hizi, ndivyo wanavyomwita mtu wanayemjali. Mimi namwita Mzee, na nadhani anaamini ni cheo. Wanangu wanamwita Babu. Ana maboksi matatu ya picha alizopiga mwenyewe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipostaafu.

Picha ya kwanza aliyonionyesha ina vichwa viwili vidogo vya diseli vilivyounganishwa pua kwa pua, vimeshusha vichwa kama mbuzi wanaotaka kupigana. Ni Class 20. Kila kimoja kina nguvu ya farasi 1,000, na kina boneti ndefu inayomzuia dereva kuona mbele. Ndiyo maana waliviunganisha viwili, ili kila mwisho uwe na chumba cha dereva kinachoona mbele. Nyuma yao yamepangana mabehewa ya chuma yaliyoshika kutu, mstari mrefu unaopotea kwenye ukungu. Nilimuuliza Mzee yako mangapi. Akasema, "Mengi kuliko ulivyowahi kula wali."

Yale mabehewa madogo yalibeba tani 16 tu kila moja. Mengi hayakuwa na breki ambayo dereva angeweza kuifunga kutoka mbele. Kabla ya mteremko mkali treni ilibidi isimame, watu wakatembea ubavuni wakikaza breki za behewa moja moja kwa mti, na gadi naye kwenye behewa lake la mwisho akakaza ya kwake. Chini ya mteremko wanasimama tena kuzilegeza. Fikiria kazi hiyo usiku wa Januari.

Toton ilikuwa mahali pa kuyapanga mabehewa hayo, na ilikuwa miongoni mwa yadi kubwa kabisa barani Ulaya. Walijenga tuta, mfano wa yale matuta ya barabarani yetu lakini refu zaidi. Kichwa cha treni kinasukuma mabehewa hadi juu ya tuta, yanakatwa, kisha yanateremka yenyewe kwa uzito wake. Mtu aliyekaa mnarani anageuza njia: hili liende huku, lile kule. Vyuma vilivyowekwa kando ya reli vinabana magurudumu ili behewa lisiende kwa kasi na kugonga wenzake. Kazi ya Mzee ilikuwa kuunganisha na kukata mabehewa, kwa mti mrefu wenye ndoano ya chuma mwishoni, ili asiingie katikati. "Katikati hapana," ananiambia kila mara, na anaonyesha kwa viganja viwili vinavyokutana.

Katika boksi la pili mabehewa yanabadilika. Ni makubwa, ya rangi ya fedha, yanafanana yote, na yanabeba tani zipatazo 32 kila moja. Huu ni mfumo ulioanza katikati ya miaka ya 1960, walioupa jina la ile bembea ya watoto inayozunguka kwenye viwanja vya maonyesho. Jina linafaa. Treni inapita taratibu chini ya ghala la mgodi, makaa yanamwagwa ndani bila treni kusimama. Ikifika kituo cha umeme inatambaa kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea, juu ya mashimo makubwa. Vyuma vilivyo kando ya njia vinafungua milango iliyo chini ya behewa, makaa yanaanguka, milango inafungwa, na treni inazunguka kitanzi cha reli na kurudi mgodini. Tani 1,000 hivi zinashuka na hakuna aliyeshika koleo.

Ni ubunifu mkubwa, nakiri. Lakini angalia picha hizo upande wa watu. Za miaka ya 1960 zina watu wengi: anayeshika mti, anayewasha sigara, kijana aliyekaa juu ya mataruma anakula mkate. Kadiri unavyofunua, watu wanapungua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 unaona kichwa cha Class 58, kizuri, kimoja kati ya 50 vilivyoundwa Doncaster na kuwekwa Toton, na huoni mtu hata mmoja isipokuwa dereva nyuma ya kioo.

Sasa nije kwenye sababu iliyonifanya niandike. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya wagonjwa wetu ni wazee wenye matatizo ya kifua. Habari za mgonjwa yeyote sitasimulia, kazi hairuhusu. Nitasema tu kuhusu swali moja tunalouliza: ulifanya kazi gani? Kwenye fomu kuna nafasi ya mstari mmoja. Mzee anajibu, "Reli," muuguzi anaandika "reli", basi. Lakini reli ipi? Mtu aliyeuza tiketi Derby na mtu aliyesimama miaka thelathini mahali makaa yanapomwagwa wote watasema reli. Vumbi la makaa halikubaki chini ya ardhi. Lilipanda juu pamoja na makaa, likaenda kwenye vichujio vya mgodi, kwenye maghala, kwenye mashimo ya kupakulia. Katika picha linaonekana kama ukungu mzuri wa kijivu jua linapozama, na wapiga picha walilipenda sana. Mimi nikiliona nasikia kikohozi.

Na siyo makaa peke yake. Karakana za reli za Uingereza zilitumia asbesto kwa miaka mingi kuzuia joto katika mabehewa na mitambo, na saratani inayoletwa na vumbi lake inaweza kujificha miaka 30 au 40 kabla ya kujitokeza. Kwa hiyo siku hizi, mzee akiniambia reli, ninamuuliza: yadi, karakana au stesheni? Ulikuwa karibu na makaa? Mavazi ya kazi alifua nani? Swali la mwisho linawahusu kina mama, waliokung'uta ovaroli jikoni. Maswali haya nimeyapata katika maboksi ya Mzee, kwa kuona kila mtu alisimama wapi. Wanafunzi wa uuguzi mnaosoma hapa, nawasihi mtenge jumamosi moja muangalie picha za kazi za zamani za mji mliopangiwa, iwe migodi, viwanda vya nguo au meli. Mwaka 1998 Mahakama Kuu iliamua kwamba British Coal ilizembea katika kuwakinga wachimbaji na vumbi, na familia nyingi zililipwa. Nyingine bado zinahitaji daktari aandike sababu sahihi, na daktari anategemea kilichoandikwa kwenye fomu.

Kuna picha ambazo Mzee anazipitisha haraka. Ni za mgomo wa wachimbaji, Machi 1984 hadi Machi 1985. Katika baadhi ya sehemu za Uingereza mgodi mzima ulisimama, lakini hapa Nottinghamshire wengi waliendelea na kazi, ndugu akapita mbele ya ndugu yake aliyesimama langoni. Kule Coalville, mkoa jirani wa Leicestershire, wafanyakazi wa reli walikataa kusafirisha makaa ingawa wachimbaji wengi wa eneo hilo walikuwa kazini. Imepita miaka arobaini na wapo watu huku wasiosalimiana. Ushauri wangu kwa mgeni: usilianzishe swali hili mezani. Mwenyewe akitaka atasema. Sisi tuliotoka kwenye nchi zenye mambo yetu tusiyoyataja mbele ya wageni tunalielewa hili bila kufundishwa.

Mdogo wangu aliye Nairobi aliniuliza kwenye simu, "Dada, haya mambo ya Wazungu yanatuhusu nini?" Nikamjibu kwamba yanamhusu kuliko anavyodhani. Kampuni ya English Electric, iliyounda Class 20 za kwenye picha hizi, ndiyo iliyoiundia East African Railways diseli zake kubwa za miaka ya 1960. Mafundi walewale, mlio uleule. Baba yetu mdogo alikuwa fundi wa reli Tabora, akirudi nyumbani jioni na mafuta hadi kwenye nyusi. Tuna picha zake za harusi, za Idi, moja studio akiwa na saa ya kuazima. Akiwa kazini hatuna hata moja. Nani angepoteza filamu kwa kupiga ovaroli?

Kwa wenye watoto, jambo hili linaweza kuwa safari nzuri isiyo ya gharama. Toton kuna ukingo wa udongo ulioinuka juu ya yadi, unaruhusiwa kusimama, na siku yoyote utawakuta wazee na chupa zao za chai. Wasalimie, watakueleza kila kitu hadi utafute udhuru wa kuondoka. Yadi yenyewe imebaki kidogo, njia nyingi zimeota vichaka, ila vichwa vya diseli bado vinaegeshwa. Vingi ni Class 66, vilivyoundwa Canada. Mkiwa na siku nzima, nendeni kwenye jumba la makumbusho la uchimbaji makaa la Caphouse, karibu na Wakefield. Kuingia ni bure, ila kushuka mgodini unalipia. Unateremka mita 140, na anayekuongoza ni mchimbaji wa zamani. Mwanangu wa miaka tisa alishika mkono wangu njia nzima, halafu juu akadai yeye ndiye aliyenishika nisiogope.

Huyohuyo ndiye aliyemuuliza Babu kuhusu picha ya watu wanne waliosimama mbele ya kibanda, mmoja amefunga skafu kichwani. "Hawa ni akina nani?" Nyuma ya picha pameandikwa namba ya kichwa cha treni, tarehe, aina ya filamu na hali ya hewa. Majina hakuna. Nimeangalia albamu nyingi za maduka ya hisani, ni hivyohivyo: namba ya chuma ipo, ya mtu haipo. Mzee alikaa kimya, akaivuta karibu na dirisha. Akataja wawili palepale. Wa tatu alimkumbuka kesho yake, akaja kugonga mlango asubuhi sijaamka kutoka zamu ya usiku.

Tangu hapo tunakaa Jumapili baada ya chakula. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo yeye anasema, mimi naandika nyuma kwa penseli laini ili karatasi isiharibike, na mwanangu anapanga kwa miaka. Jina, kazi yake, alitoka kijiji gani, alikufa kwa nini kama anajua. Boksi la kwanza limekwisha. Yule mwenye skafu bado hajapatikana, lakini Mzee anasema ana shemeji yake kule Ilkeston anayeweza kumjua, na wiki ijayo nina siku mbili za mapumziko.