Mashetani wa Stoo

Mwaka ule nilioahirisha masomo, niliwaambia jamaa wa hosteli kwamba naumwa. Uongo (mlionichangia hela ya dawa, samahanini). Jina langu halikuwemo kwenye orodha ya mkopo, na ada ya muhula wa pili haikuwepo. Nikapanda basi hadi Karatu, kisha bodaboda hadi nyumbani Buger.

Unajua kilichouma? Baba alikuwa ameshauza ng'ombe wawili kwa ajili ya muhula wa kwanza. Kila asubuhi nikipita zizini naona nafasi yao.

Mchana nilikuwa shambani kwenye mbaazi. Usiku najifungia stoo ya mahindi, nachora kwa mkaa nyuma ya makatoni ya sabuni. Nyekundu ilikuwa mabaki ya rangi ya baiskeli. Sijasomea sanaa hata siku moja. Walionitoka mkononi ni viumbe wenye midomo kiunoni, wanatafuna vyeti. Wengine ni netlaangw, wale pepo wa chemchemi ambao bibi alituonya nao tulipokuwa wadogo. Nikiwachora, nalala. Nisipowachora, nakesha nahesabu madeni.

Siku moja Karatu mjini, kwenye duka la vinyago linalouzia watalii wa Ngorongoro, nikakuta shetani wa Kimakonde: jicho moja, tumbo limetoboka. Nikasimama kama nimeona ndugu. Muuzaji akanitajia Samaki Likankoa, Mmakonde anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo ule, Dar es Salaam, miaka ya 1950. Akanionyesha na vile vingine, wazee na akina mama wamebeba mitungi, ambavyo wazungu walizoea kununua. Mimi macho yalibaki kwa yule wa jicho moja. Sikumwambia kwamba wenzake kama arobaini ninao stoo.

Baba alizikuta picha siku ya kupukuchua mahindi. Mama akaanza kunong'ona habari za kuitisha maombi. Mzee akakaa juu ya gunia, akazipanga moja moja, kimya, mpaka akafika kwenye ile ya mwanachuo mwenye kichwa cha ng'ombe, kamba shingoni.

"Huyu ni yupi kati ya wale wawili?"

"Huyo ni mimi, baba."

Akaitazama muda mrefu. Kisha akaipandisha juu ya dari, panya wasiifikie, akaniambia nimshikie gunia.