Pylint na mtungi wa maji

Nilikuwa hapa Kawangware nikipigana na programu yetu ya hesabu za vibanda vya maji.

Mwenzangu anaandika msimbo akiwa Kibera. Mimi ndiye niliyewasha ukaguzi wa tahajia wa Pylint, kwa Kiingereza, nikaamuru kazi yenye onyo irudishwe. Nilijiona mtaalamu! Kijana alieleza mstari mmoja hivi: "idadi ya mitungi". Ukarudishwa. Akachoka, akaandika "tanks". Nami kusoma tangi, nikazidisha kwa lita 1,000. Mtungi ni lita 20! Mauzo yakatoka mara 50, na dada anayeuza maji akaulizwa pesa ziko wapi. Nusura afutwe kazi.

"Kaka, si mashine yako ndiyo iliyonikataza kusema mtungi?"

Nilinyamaza.

PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python wa mwaka 2001, unaomba maelezo yawe kwa Kiingereza, ila ukiwa na uhakika wa asilimia 120 kwamba wasiojua lugha yako hawatayasoma. Mia na ishirini, jamani.

Ukaguzi sikuuzima, umeshaniokoa mara nyingi. Ila Pylint ina mpangilio uitwao spelling-private-dict-file: unaipa faili la maneno yako, kila neno mstari wake. Letu lilianza na mtungi, mitungi, kibanda. Jana kijana ameongeza mfereji. (Ndugu wa Tanzania, kwetu hilo ni bomba, si mtaro.)

Dada bado yupo kibandani. Kesho naenda Kibera kumwomba radhi.