Mvua ya Mawe Embu, Deni Mombasa



Sisi wa pwani mvua ya mawe twaijua kwa kuisoma zaidi kuliko kuiona. Imetajwa katika Surat Nnur, aya ya 43, na watoto wa chuoni huihifadhi bila ya kupata kuishika mkononi. Kwa ndugu zetu wa Meru na Embu si kioja. Mawingu hupanda ubavuni mwa Mlima Kenya, matone yakaganda huko juu, yakarushwa na upepo na kuvikwa barafu tabaka juu ya tabaka hata yakawa mazito yakaanguka. Baridi ya kugandisha huanza kiasi cha mita 4,500 hadi 5,000 juu ya bahari. Mji wa Meru uko karibu mita 1,500, basi jiwe lina safari fupi, nalo hufika kabla ya kuyeyuka. Kwetu hufika maji.

Robo saa yatosha. Upepo hulaza migomba, majani ya chai hupasuka, maharagwe hubaki vijiti. Parachichi changa huenda likaonekana zima siku ile. Jeraha la gandani huoza baadaye, au tunda hukomaa na kovu ambalo mnunuzi hulikataa.

Hasara hiyo imeingia nyumba ya mmoja wa akina mama wa darsa yetu. Mumewe, mwuza matunda wa Kongowea, alikuwa amemlipa mkulima wa karibu na Runyenjes bei ya parachichi zote zilizo mitini, zingali ndogo kama ndimu. Mvua ya mawe ikashuka alasiri moja. Pesa zilikwisha kulipiwa karo.

"Maalim," akatuuliza, "tumdai, au hasara ni yetu?"

Wanazuoni wamelizungumza jambo hili tangu zama za mitende ya Madina. Kwa Imam Malik, hasara ikifika thuluthi humwangukia muuzaji. Imam Shafi, katika kauli yake ya mwisho, humbebesha mnunuzi aliyekwisha kukabidhiwa. Lakini hapa pana jambo lililotangulia: Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda yaachwe mtini kabla uzima wake haujadhihiri. Biashara yenyewe haikusimama, na pesa zile ni deni kwa mkulima.

Tulimjibu hivyo, na ulimi ulikuwa mzito, kwani nyumba ile ya Runyenjes imepoteza na maharagwe ya kula. Tukamkumbusha aya ya 280 ya Suratul Baqara: mdaiwa mwenye dhiki hupewa muda, na kumsamehe ni bora zaidi.

Mumewe alipiga simu usiku uleule. Amesamehe nusu; nusu italipwa kidogo kidogo baada ya mavuno yajayo. Mwakani, akitaka kulipa mapema, tumemwelekeza kwenye salam: alipie kilo kadhaa za parachichi za sifa maalumu, kwa siku maalumu, zitoke shamba lolote, wala asifunge mkataba juu ya miti ya mtu mmoja.