Bunia: Farmasia ni mlango wa kwanza wa mgonjwa, lakini nani amesimama nyuma ya meza?

Mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, mtu akiamka kichwa kinamuuma au tumbo linamsokota, mara nyingi haanzii hospitalini. Anaanzia farmasia ya mtaani. Asiitwe mzembe kwa hilo. Kwenye kituo cha afya atalipa fishi, atangoja kwenye benchi, atalipa vipimo vya labo, na mwishowe ataandikiwa dawa ambayo pengine atakuja kuinunua kwenye farmasia ile ile. Kwa mama anayeuza mboga sokoni, asubuhi moja kwenye benchi ni chakula cha jioni cha watoto.

Na kweli kuna magonjwa madogo ambayo mfarmasia aliyesomea kazi yake anayaweza vizuri: mafua, kikohozi cha siku mbili, kiungulia, minyoo, kuwashwa ngozi. Mtoto anayehara lakini bado anacheza na kunywa, mfarmasia atampa mama yake pakiti za SRO, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, pamoja na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Atamwonyesha namna ya kuchanganya, tena atamwambia asiache kumnyonyesha.

Mfarmasia wa namna hiyo hujulikana kwa maswali yake. Mgonjwa ana miaka mingapi? Ana kilo ngapi? Ugonjwa ulianza lini? Amekwisha kumeza dawa gani? Ana mimba? Ana vidonda vya tumbo? Mwenye vidonda vya tumbo akiuziwa ibuprofeni kwa sababu ya mgongo, mgongo utatulia lakini tumbo linaweza kutoa damu. Hata paracetamol, ambayo kila nyumba inayo, ina mpaka wake: mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima.

Shida ni kwamba mjini kila anayesimama nyuma ya meza ya dawa huitwa dokta, hata kama ni kijana aliyeachiwa duka na shangazi yake. Dokta huyo haulizi kitu. Anauliza tu: «Uko na franka ngapi?» Kisha anakata dawa kulingana na pesa.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa malaria, baada ya Nigeria. Kwa hiyo homa haitibiwi kwa kubahatisha. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu ya kidole, na jibu linapatikana ndani ya dakika 15 hadi 20. Ikiwa ni malaria ya kawaida, dawa ya mseto inamezwa siku tatu, bila kubakiza. Lakini mwenye pesa ya siku moja anauziwa dawa ya siku moja. Homa inashuka, watu wanashukuru, na baada ya siku chache inarudi na nguvu zaidi. Antibiotiki nazo zinauzwa moja moja kwa ajili ya mafua, ingawa mafua yanaletwa na virusi na antibiotiki haiviwezi. Wengine wanafungua kapsuli na kumwaga unga wake kwenye kidonda.

Ituri ina sababu ya kujihadhari kuliko wengine. Tangu mwisho wa 2014 na katika mwaka 2015, kaskazini-mashariki mwa nchi, mamia ya watu, wengi wao watoto, walipata ugonjwa wa ajabu: misuli ya uso, shingo na ulimi ilikakamaa. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ulionyesha kwamba vidonge walivyopewa kwa jina la diazepam vilikuwa na haloperidol, dawa inayotumiwa kwa magonjwa ya akili. OMS ilitoa tahadhari mwaka 2015. Wazazi wale walinunua au kupewa dawa kwa nia njema. Jina kwenye mkebe ndilo lililodanganya.

Kwa hiyo dawa inunuliwe kwenye farmasia inayojulikana, si kwenye meza inayopigwa na jua sokoni. Mnunuzi aangalie tarehe ya mwisho kwenye boksi lenyewe, na aombe kuandikiwa jinsi ya kumeza.

Lakini alama kubwa ya mfarmasia mzuri ni kwamba anaweza kukataa kuuza. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, hana dawa ya farmasia. Hivyo hivyo mama mjamzito mwenye homa, na mtu anayekohoa kupita wiki mbili. Anayemwambia mama, «Mama, sitachukua pesa yako, panda pikipiki sasa hivi umpeleke hospitali», amepoteza mauzo ya siku hiyo. Huyo ndiye wa kurudia kesho, siku mafua yatakapokuwa mafua tu.