Kindi Arukaye wa Msitu wa Ituri

Mtu atokaye Mambasa ya Kongo (si Mombasa ya pwani) kwenda Kisangani hupita Epulu, kando ya mto wenye jina hilo. Hapo yumo ndani ya msitu wa Ituri. Miti ya mbau ni mirefu hata shingo zetu zilichoka kwa kutazama vilele vyake. Wageni wengi huja kwa ajili ya okapi, aliyejulikana na wataalamu mwaka 1901. Sisi twataka kuwapa habari za mwenzake mdogo asiyeonekana mchana, yaani kindi arukaye.

Jina lisiwadanganye. Hana mabawa kama popo, wala hawezi kupaa kutoka chini. Ana ngozi yenye manyoya iliyounganisha mikono, miguu na mkia. Usiku hupanda juu mtini, akajirusha na kutanua viungo vyake vinne, ngozi ikawambwa kama ya ngoma, akateleza hewani hata mti wa pili, mara nyingine mita 100 na zaidi. Akifika hudaka gome kwa makucha yake, kisha hupanda tena. Chini ya mkia, karibu na shina lake, mna magamba magumu yenye ncha, yamsaidiayo asiteleze.

Mwaka 1842 Mwingereza John Edward Gray alimhesabu pamoja na kindi warukao wa Asia. Mwaka wa pili Waterhouse akaipa jamii yake jina la pekee, Anomalurus, maana yake mkia usio wa kawaida. Naye alifanya vema. Kwa kuwa warukao wa Asia, Ulaya na Marekani ni kindi hasa, lakini huyu wa Afrika sivyo. Kwa wale, kijiti cha gegedu kitanuacho ngozi hutoka katika kifundo cha mkono; kwa huyu hutoka kiwikoni. Nje ya ukoo wake, nduguye wa karibu ni kamendegere, yule arukarukaye mbugani usiku na kulala shimoni! Basi koo mbili mbalimbali zimepata ufundi mmoja, kila moja kwa njia yake.

Chakula chake ni gome, utomvu, majani, maua na matunda. Mchana hulala katika uvungu wa mti. Na hapa ndipo penye shida. Mti mkuukuu wenye uvungu, ambao mwenye shoka husema haufai kwa mbao, ndio nyumba yake. Uvungu huo ni kazi ya miaka mingi. Ukiangushwa leo, mche upandwao kesho hautampa makao maishani mwake. Tena chini huenda kwa taabu, maana ngozi humtatiza. Hivyo uwanda uliofyekwa, ukiupita mruko wake, ni kwake kama mto usio na daraja.

Sehemu ya msitu huu ilifanywa Hifadhi ya Okapi mwaka 1992, ikaandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996; na mwaka 1997 ikatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini. Vita, ujangili na uchimbaji wa dhahabu vimeidhuru.

Nanyi mlimao kando ya misitu, msiupime mti kwa mbao zake tu. Kabla ya kuinua shoka, tazameni juu: huenda yumo mwenye nyumba, naye amelala.